Uongozi unataka data zote za uazimaji wa wanafunzi: tutoe nini, tufute nini kwenye Koha?

mkutubi_moro

Heshima kwenu wakuu.

Maktaba ya chuo, Koha 22.11 (programu ya kuendesha maktaba) juu ya Debian (aina ya Linux), wasomaji hai karibu 6,000, data za uazimaji zipo tangu 2014. Chuo kimeingia mkataba na kampuni ya uchambuzi itakayojenga mfumo wa kubashiri mwanafunzi yupi yuko hatarini kuacha masomo. Kutoka maktaba wanaomba namba ya usajili, kila kitabu kilichoazimwa, saa ya kuazima na ya kurudisha, pamoja na logi za kuingia kwenye majarida ya mtandaoni. Watu wa TEHAMA wanasema tuondoe majina, namba ya usajili tuigeuze hashi (msimbo unaokokotolewa kutoka namba hiyo), yametosha.

Ninayotaka kujua:

1. Hashi inatosha kweli?
2. batch_anonymise.pl (script ya Koha ya kumwondoa msomaji kwenye historia ya uazimaji) ipo kwenye cron (ratiba ya kazi za seva) kila usiku na haitoi kosa lolote, lakini ripoti bado inaonyesha nani aliazima nini mwaka 2016. Inakwama wapi?
3. Historia ibaki siku ngapi? Kaunta wanadai wanaihitaji kwa vitabu vilivyochanwa.

Anayeazima kitabu cha UKIMWI au cha talaka hajatupa ruhusa ya kumtangaza.

---

fundi_koha

Naanza na swali la 2, maana lisipotatuliwa hayo mengine hayana maana.

Script ile inamruka msomaji yeyote ambaye borrowers.privacy yake ni 0, yaani "historia ibaki daima". 1 ni kawaida, 2 ni futa papo hapo anaporudisha. Kama makundi yenu ya wasomaji yalisajiliwa kwa "Forever" tangu mwanzo, kila mwanafunzi amerithi 0, na script inapita usiku kucha bila kugusa mtu wala kulalamika. Angalia:

SELECT categorycode, privacy, COUNT(*) FROM borrowers GROUP BY categorycode, privacy;

Kubadilisha kundi kwenda "Default" kunawagusa watakaosajiliwa baada ya hapo tu. Waliopo lazima uwabadilishe ndani ya hifadhidata yenyewe kwa koha-mysql, kwa kuwa moduli ya ripoti inakubali SELECT peke yake. Kama OPACPrivacy (mpangilio unaomwachia msomaji kuchagua faragha yake kwenye OPAC, yaani katalogi ya mtandaoni) ilikuwa imewashwa, huenda wapo waliochagua 0 kwa hiari yao ili waone orodha ya walivyosoma. Hao watumie barua pepe kwanza, wape wiki mbili za kujibu.

Sababu ya pili ni AnonymousPatron, mpangilio wa msomaji bandia anayewekwa mahali pa aliyeazima. Inataka borrowernumber (namba ya ndani ya Koha) ya msomaji huyo bandia, si namba ya kadi yake. Watu wengi huandika namba ya kadi. Ikiwa tupu au imekosewa, msomaji mwenye privacy 2 anaweza kukwama kaunta wakati wa kurudisha kitabu. Tengeneza msomaji mmoja bandia, kundi la takwimu, asiwe na nywila, tarehe ya kuisha iwe mbali, na usimfute kamwe.

Sasa lililo zito. Hata script ikifanya kazi sawasawa, kazi yake kuu ni kusafisha old_issues (jedwali la vilivyokwisha kurudishwa). Nyayo za uazimaji uleule ziko sehemu nyingine:

statistics: kila kuazima, kurudisha na kuongeza muda, pamoja na borrowernumber, itemnumber na saa kamili. Nadhani ripoti yako ya 2016 inasoma hapa.

action_logs: kama IssueLog na ReturnLog zimewashwa, mstari wa CIRCULATION una borrowernumber kwenye safu ya object na itemnumber kwenye info. Ni historia nzima kwa jina lingine.

message_queue: maandishi kamili ya barua pepe na SMS zilizotumwa, majina ya vitabu yamo.

old_reserves: alivyoomba awekewe. Mtu hata asipokwenda kukichukua, ombi linaweza kubaki.

accountlines: maelezo ya faini ya kuchelewesha hubeba jina la kitabu. Mhasibu anahitaji kiasi na tarehe, kitabu kilikuwa kipi hakimhusu.

items_last_borrower: inajazwa ukiwasha StoreLastBorrower. Ina aliyerudisha mwisho tu, na watu huiona salama kwa sababu hiyo. Lakini kitabu kisichoazimwa sana kitabeba jina hilo miaka mitatu, minne, na vitabu vya aina hiyo ndivyo vyenye mada zinazomtambulisha mtu kwa urahisi.

search_history: alichotafuta akiwa ameingia kwenye akaunti.

Kwa mengi ya haya ipo cleanup_database.pl:

koha-foreach --chdir --enabled /usr/share/koha/bin/cronjobs/cleanup_database.pl --confirm -v --logs 180 --mail 30 --searchhistory 7 --old-reserves 180

Endesha kwanza bila --confirm, na soma -h, chaguo hubadilika toleo kwa toleo. Cron inayokuja na pakiti ya Debian haigusi hata kimoja kati ya hivi vinne. Inasafisha vikao vya kuingia, foleni ya Zebra (injini ya utafutaji) na vitu vidogo vya namna hiyo.

--logs kama ilivyo inafuta logi za moduli zote. Kama mkaguzi anahitaji kuona nani alibadilisha faini au katalogi, zima IssueLog na ReturnLog, kisha futa mistari ya CIRCULATION pekee. Logi za wafanyakazi zibaki.

statistics usiifute mistari. Ondoa namba ya msomaji tu:

UPDATE statistics SET borrowernumber = NULL WHERE borrowernumber IS NOT NULL AND datetime < DATE_SUB(CURDATE(), INTERVAL 90 DAY);

Kabla ya hapo tengeneza jedwali la muhtasari: mwezi, tawi, kundi la wasomaji, aina ya kitabu, idadi. Ripoti zinazopanga uazimaji kwa kundi la wasomaji huenda kuchukua kundi hilo kwenye borrowers kupitia namba hiyohiyo. Ukiiondoa bila muhtasari, ripoti ya mwaka ya "wahadhiri waliazima vingapi" itatoka sifuri na lawama zitakuangukia wewe.

---

takwimu_tu

Swali la 1: haitoshi, na sababu ni ya hesabu wala si ya sheria.

Namba ya usajili ina mpangilio unaojulikana: mwaka, programu, namba ya mfululizo. Chukua miaka 10, programu 100 na namba 10,000 kwa kila moja. Ni namba milioni 10 tu zinazowezekana. Laptop ya kawaida inapiga SHA-256 ya zote ndani ya sekunde chache, kisha unalinganisha hashi na hashi na majina yote yamerudi. Kuongeza chumvi (maandishi ya ziada yanayochanganywa na namba kabla ya hashi) iliyoandikwa ndani ya script mtakayowapa pamoja na data hakusaidii kitu.

Kama lazima mwanafunzi yuleyule afuatiliwe muhula hadi muhula, tumieni HMAC, yaani hashi yenye ufunguo wa siri unaobaki maktaba, au bora zaidi jedwali la namba za bahati nasibu ambalo kampuni hailioni na linaharibiwa mradi ukiisha. Koha yenyewe ina Pseudonymization: inaandika miamala kwenye jedwali la pseudonymized_transactions ikiwa na hashi ya bcrypt ya borrowernumber, na unachagua sehemu zipi za msomaji na za muamala zinakiliwe. Inahitaji bcrypt_settings kwenye koha-conf.xml. Faili hiyo ndiyo siri yenyewe, kwa hiyo isikae kwenye bakapu moja na data.

Ila hata hapo mtu hajafichika. Mwaka 2006 AOL ilitoa hadharani takriban utafutaji milioni 20 wa watu kama 650,000, majina yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa New York Times walimfikia mama mmoja wa Georgia nyumbani kwake kwa kusoma alichotafuta tu. Orodha ya vitabu vya miaka minne ni alama ya kidole: vitabu vinne au vitano vya nje ya orodha za kozi, na darasa zima linajua ni nani.

Kwa hiyo punguzeni makali ya data:

Saa kamili igeuzwe kuwa wiki au mwezi. "14:07 tarehe 3" inalinganishwa na kamera ya mlangoni au na picha ya WhatsApp.

Jina la kitabu litoke kabisa. Kama wanang'ang'ania mada, wapeni Dewey (namba ya mada ya kitabu) ya ngazi ya kumi. 610 ni tiba, haimsemi mtu. 616.9792 ni UKIMWI.

Kisanduku chochote cha jedwali chenye watu chini ya 10 kifichwe, kisha kagueni jumla. Mkiandika jumla 47, safu mbili 31 na 12, ya tatu "imefichwa", mmeshatangaza kuwa ni 4. Inabidi mfiche safu ya pili pia au msitoe jumla.

Na kabla ya kazi yote hiyo waulizeni: mfumo wenu unahitaji nini hasa? Kwa kubashiri anayeacha masomo, "idadi ya vilivyoazimwa muhula huu ukilinganisha na uliopita" ni namba moja kwa mwanafunzi, na sidhani kama orodha ya vitabu itawaongezea chochote. Maombi ya "zote" kwa kawaida yameandikwa na mtu ambaye bado hajakaa kufikiri.

---

wakili_data

Nakubaliana na takwimu_tu. Naongeza ya kuwapelekea wakubwa, maana uongozi hausikii bcrypt.

Tanzania: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Na. 11, inatumika tangu 1 Mei 2023 na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wanaokusanya na wanaochakata wanatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo iombeni kampuni hati yake kabla ya faili lolote kutoka. Msingi wenu mkubwa ni kusudi: taarifa ilikusanywa ili kitabu kirudi. Kumpima mwanafunzi kama ataacha chuo ni kusudi jingine, linahitaji msingi wake wa kisheria na taarifa kwa mwanafunzi mwenyewe. Pia sheria inaweka taarifa nyeti kundi la pekee, afya na imani ya dini zimo. Orodha ya vitabu haisemi moja kwa moja kuwa mtu ni mgonjwa, lakini mashine ya kubashiri kazi yake ni hiyohiyo ya kusoma kisichosemwa.

Kwenye mkataba hakikisheni mna haya: data ni kwa mradi huu tu, marufuku kujaribu kumtambua mtu, marufuku kuichanganya na data ya wateja wengine, seva ziko nchi gani, mkandarasi mdogo haruhusiwi bila barua yenu, tarehe ya kufuta na uthibitisho wa maandishi. Kifungu cha "kuboresha huduma zetu" kikatwe. Humo ndimo data ya wanafunzi wenu hugeuka chakula cha mfumo watakaouza kwingine.

---

nairobi_stacks

Kwa walio Kenya mambo yanafanana: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 43 kinampa mdhibiti wa data saa 72 kumjulisha Kamishna tangu ajue kuna uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo yake makubwa na mashine peke yake, na sheria ya Tanzania nayo ina haki ya namna hiyo. Mwanafunzi akikosa mkopo au nafasi ya bweni kwa sababu "mfumo umesema", hapo ndipo mtaulizwa.

Nigusie logi za majarida, hakuna aliyezigusa. Mkitumia EZproxy (seva inayowapitisha wasomaji kwenye majarida ya kulipia), LogFormat ya kawaida ina %u: Option LogUser ikiwa imewashwa, jina la mtumiaji linakaa mstari mmoja na anwani ya makala. Lakini hamwezi kufuta kila kitu: mtu akipakua makala 3,000 usiku mmoja, mchapishaji anafunga IP ya chuo kizima na anawataka mumpate. Weka kwenye config.txt:

Option LogSession
Audit Most
AuditPurge 30

Logi ya makala itaandika namba ya kikao badala ya jina. Faili la ukaguzi ndilo linaloonyesha kikao fulani kilikuwa cha nani, na linafutwa baada ya siku 30. Likishafutwa, logi ya makala bado inafaa kwa takwimu za matumizi, ila imekatika na mtu. Kampuni isipewe logi hii kabisa. Kwa idadi za matumizi zipo ripoti za COUNTER (takwimu za matumizi za muundo mmoja) kutoka kwa wachapishaji.

---

mtandao_wa_pwani

Mnasafisha hifadhidata huku OPAC inavujia mlango wa mbele.

Fungueni OPAC kwenye Firefox, F12, kichupo cha mtandao, bofyeni kitabu kimoja kisha msome safu ya vikoa. Kama GoogleJackets au OPACAmazonCoverImages imewashwa, kivinjari cha msomaji kinaenda chenyewe kwa Google au Amazon kuomba jalada la ISBN ile, kikiwa na IP yake na vidakuzi ambavyo tayari anavyo. Wanajua anaangalia nini kabla ninyi hamjajua. Zimeni, washeni OPACLocalCoverImages, mpakie majalada wenyewe kwa fungu. OpenLibraryCovers ni shirika lisilo la biashara, lakini ombi bado linatoka nje. Angalieni pia OPACUserJS: mara nyingi kuna kodi ya Google Analytics iliyobandikwa na mtu aliyeshaondoka kazini.

Logi za Apache nazo. opac-access.log ina opac-search.pl?q=neno-lililotafutwa pamoja na IP. Dawa ni kutumia %U, inayoandika njia bila maneno ya utafutaji:

LogFormat "%h %t \"%m %U %H\" %>s %b" faragha
CustomLog /var/log/koha/JINA/opac-access.log faragha

Nimeacha Referer makusudi. Watu huondoa q= kwenye ombi na kuibakiza kwenye Referer, maana ukurasa wa kitabu unakumbuka ukurasa wa utafutaji uliotangulia. %h nimeibakiza kwa sababu ya roboti za kukusanya data za AI zinazoangusha OPAC siku hizi. Bila IP huwezi kuzizuia. Basi logrotate (kazi ya kubadilisha na kufuta faili za logi) iwe ya kila siku, ibakize 7.

Kompyuta za umma: policies.json ya Firefox, SanitizeOnShutdown iwe true, OfferToSaveLogins iwe false, DisableFormHistory iwe true. Inafanya kazi kivinjari kikifungwa. Anayenyanyuka na kuacha WhatsApp Web wazi amemwachia anayefuata, kwa hiyo muweke pia kipima muda cha kumtoa mtumiaji asipogusa kitu kwa dakika 10. Wi-Fi: vocha ya siku kwenye karatasi, msikusanye namba za simu. Na lile daftari la mezani ambalo kila anayeingia anasoma waliomtangulia, nafikiri mnajua la kufanya.

---

bi_kaunta

Samahani, naona mnafuta tu. Kitabu kikirudi kimekatwa kurasa, tukajua wiki ya tatu wakati wa kupanga rafu, tumdai nani? Mkitubakizia historia ya siku 30 tu, ni chache mno kwa chuo chenye wahudumu wawili.

---

fundi_koha

Dada, hoja yako ni ya haki, ila tatizo lako ni ukaguzi. Historia ya miaka kumi haitakusaidia. Kitabu kikikaa rafuni mwezi mzima, huwezi kuthibitisha kuwa aliyekirudisha ndiye aliyekata na si aliyekisoma humohumo ndani. Kifunueni kaunta wakati wa kurudisha: jalada, mgongo, kurasa za picha. Chenye kasoro andika kwenye kumbukumbu ya nakala na utoze papo hapo. Deni likishaingia kwenye akaunti halitegemei tena old_issues.

Mimi ningeweka siku 60 muda wa masomo, na StoreLastBorrower izimwe. Mkiona lazima iwepo, wekeni kazi ya kila usiku ya kufuta yaliyozidi siku 60:

DELETE FROM items_last_borrower WHERE created_on < DATE_SUB(NOW(), INTERVAL 60 DAY);

---

mkutubi_moro

Shukrani sana wakuu. Nimeangalia: kundi la STUDENT lote lina privacy 0, na statistics imejaa tangu 2014. La mwisho: nikisafisha wikiendi hii, bakapu je? Tuna dump (nakala kamili za hifadhidata) za kila usiku kwenye seva, na nyingine kwenye diski ya nje ofisini.

---

fundi_koha

Umeuliza jambo ambalo wengi hulisahau. koha-run-backups kwa kawaida hubakiza siku 2 kwenye /var/spool/koha, kwa hiyo hizo za seva zitajisafisha zenyewe. Diski ya nje ndiyo yenye 2014 nzima, bila nywila, kwenye droo. British Library ilipovamiwa Oktoba 2023, wavamizi walimwaga karibu GB 600 mtandaoni, na walichukua walichokikuta.

Mpangilio: chukua dump moja kabla ya kusafisha, ifunge kwa gpg --encrypt kwa ufunguo wa mkuu wa maktaba, futa ile isiyofungwa. Safisha. Endesha ripoti zenu za mwaka na kaunta ifanye kazi wiki mbili. Zikitoka sawa, futa hiyo dump pamoja na zote za zamani kwenye diski, kisha anza mzunguko mpya: za kila siku 7, za wiki 4, zote zimefungwa, zilizozidi zinafutwa.

Na uandike kwenye karatasi ya kurejesha mfumo: ukirejesha dump yoyote, historia iliyosafishwa baada ya dump hiyo inarudi nayo. Kwa hiyo kabla ya kufungua OPAC na kaunta, endesha batch_anonymise, cleanup_database na ile UPDATE ya statistics kwa mkono. Cron itafika usiku, lakini mtu wa kuchukua ripoti anaweza kufika asubuhi.